Jina la Lynette Njeri Halitawekwa Juu ya Mlango Huo

Bwana asifiwe, wapendwa. Naitwa Isaiah Mungai, wengi wenu mnanijua kwa duka la mbegu na mbolea pale Turbo, na mimi ndiye niliyemfuata Lynette kuzaliwa, kwa hivyo familia imenituma nisimame mbele yenu leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, hapa kanisani Pioneer, Eldoret, niwasomee maisha ya dada yetu kabla hatujampeleka Turbo kumzika. Kamati ya mazishi iliniomba nisikitaje kwa jina chuo kikuu alichofundisha, na iliniomba nisome kwa upole. Hilo la kwanza nimekubali. La pili nitajaribu, lakini siahidi.

Daktari Lynette Njeri Walubengo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika zahanati ya misheni karibu na Turbo, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Zachariah Mungai, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele akiwa na miaka tisini na moja, na marehemu Mama Wacera, aliyetutangulia mwaka wa 2003. Baba alitoka Murang'a akiwa kijana, akanunua kipande cha shamba la mahindi na kufungua duka kando ya barabara ya Webuye, na ni katika duka hilo Lynette alijifunza kusoma kabla ya kupelekwa shule, kwa sababu siku hizo sukari na misumari ilifungwa kwa magazeti ya zamani, naye alikuwa anakataa kufunga sukari ya mteja kabla hajamaliza habari iliyo kwenye karatasi, mteja amesimama, baba anaita kutoka nyuma, yeye anasoma.

Alianza shule ya msingi hapo Turbo mwaka wa 1975, akafanya mtihani wa CPE mwaka wa 1981, akajiunga na shule ya bweni ya wasichana upande wa Kitale, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1985 na cha sita mwaka wa 1987. Mwaka wa 1989 aliitwa chuo kikuu kusomea sayansi ya maktaba na habari, na siku aliyokuja nyumbani na barua ya mwaliko, baba aliisoma mara mbili, akamwangalia, akasema, "Yaani wanataka uende chuo kikuu kufundishwa kupanga vitabu?" Lynette akamwuliza, "Baba, mtu akija hapa aseme shamba hili si lako, utamwonyesha nini?" Baba aliingia chumbani, akatoka na bahasha ya hatimiliki ameishika juu, na Lynette akacheka, akamwambia, "Basi hiyo ndiyo naenda kusomea."

Alihitimu mwaka wa 1993, akaajiriwa kuwa mkutubi wa shule ya upili mjini Bungoma, na huko akakutana na mwalimu wa historia, Walubengo, mtu mpole, mrefu, ambaye alikuwa anaazima vitabu asivyohitaji ili apate sababu ya kuvirudisha. Wazee wa pande zote mbili walinung'unika, wetu wakiuliza kwa nini asiolewe na mtu wa kwao, wa kina Walubengo wakiuliza hivyo hivyo, na wale wawili wakawaacha waulizane, wakafunga ndoa kanisani Turbo tarehe 7 Desemba 1996. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nasike, aliyezaliwa mwaka wa 1998 na sasa ni muuguzi, na Tyson, aliyezaliwa mwaka wa 2002 na bado anasoma.

Mwaka huo wa 1998 alipata shahada ya uzamili, Septemba 1999 akaajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo nisichokitaja, na mwaka wa 2007 akapata shahada ya uzamifu, akiwa ameandika tasnifu kuhusu jinsi wakulima wa mahindi wanavyotunza habari za mashamba yao, utafiti aliofanya kwa kuzunguka na gari la Walubengo lisilo na breki nzuri, akiingia jikoni mwa watu, akionyeshwa karatasi zilizofichwa chini ya godoro, ndani ya debe la unga, nyuma ya picha ya Bikira Maria.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu bila kuelewa hapa hamtaelewa alichofia. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wengi mliomo humu mnakumbuka tulikuwa wapi. Duka letu lilichomwa, nyumba ikachomwa, na hatimiliki ya baba ikaungua pamoja na picha ya harusi ya mama. Tulilala kwenye uwanja wa kanisa pamoja na majirani, na Lynette alipokuja kututafuta kutoka mjini, hakulia kwanza, alianza kuwauliza watu ni karatasi gani zimeungua. Nilimkasirikia siku hiyo, nikamwambia, "Watu hawana blanketi, wewe unauliza karatasi?" Akanijibu, "Blanketi zitaletwa, Isaiah. Karatasi hakuna mtu atakayeleta."

Na ni kweli, hakuna aliyeleta. Watu walirudi mashambani mwao wakaulizwa ushahidi kwamba waliwahi kuishi hapo, watoto wakaulizwa vyeti vya kuzaliwa, wajane wakaulizwa cheti cha ndoa. Ndipo dada yangu akaanza kazi iliyochukua miaka yote iliyobaki ya maisha yake, akaenda kanisa kwa kanisa akipiga nakala za vitabu vya ubatizo, akakusanya kumbukumbu za mikutano ya vyama vya ushirika, rejista za shule zilizofungwa, magazeti ya eneo hili tangu kabla ya uhuru, na kanda za wazee wakieleza nani alifika wapi na lini, wa kila kabila, kila mmoja kwa lugha yake. Mkusanyo huo aliuita Hifadhi, akaupangilia katika ghorofa ya pili ya maktaba ya chuo, penye jua na madirisha, na wanafunzi wake wakajifunza kazi humo, na watu wa kawaida wakaanza kuja. Mama Nyaguthii wa Turbo, yuko hapa, alifika akiwa na kesi ya shamba iliyomzungusha kortini mpaka akachoka, Lynette akamkalisha, akamfungulia kitabu cha ubatizo cha mwaka wa 1964, na mama huyo akaona jina lake na la marehemu mume wake na jina la kijiji, akaweka kidole hapo na kukataa kukiondoa. Aliishinda kesi. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi, na siwezi kuwataja wote.

Kwa kazi hiyo, mtu angefikiri chuo kingemheshimu. Alipandishwa cheo kuwa mhadhiri mkuu mwaka wa 2011, kisha akaomba uprofesa mwaka wa 2014, akakataliwa, akaomba mwaka wa 2017, akakataliwa, akaomba mwaka wa 2020, akaambiwa utafiti wake ni wa kijijini mno, na kwamba Hifadhi si chapisho. Wanafunzi aliowasimamia yeye mwenyewe, aliowasahihishia tasnifu ukurasa kwa ukurasa kwenye meza yake ya jikoni, wakawa maprofesa kabla yake, na baadhi yao walikaa kwenye jopo lililomkataa. Nasema haya kwa sababu jana jioni shada kubwa la maua lililetwa na chuo, limefungwa utepe wa zambarau ulioandikwa Profesa Lynette Walubengo. Asubuhi ya leo, mimi na Nasike tumechukua makasi tukaukata utepe huo. Maua tumeyaacha, maua hayana makosa. Lakini dada yangu amekufa akiwa Daktari, kwa sababu nyinyi wa chuo mlimkatalia, na hamtampa akiwa kwenye sanduku kile mlichomnyima akiwa amesimama mbele yenu na karatasi zake mkononi.

Mwaka wa 2021 wakuu wa chuo waliamua kwamba ghorofa ya pili ya maktaba ingekuwa ofisi zao, na Hifadhi ikateremshwa kwenye chumba kilicho chini ya ardhi, kisicho na dirisha hata moja, ambacho mabomba ya maji machafu yanapita juu ya dari yake. Lynette alipinga, akaandika, akaenda ofisi ya naibu mkuu wa chuo anayesimamia utawala, Daktari Kuria, ambaye yuko hapa safu ya mbele, na karibu sana, Daktari. Alimweleza kwamba karatasi kuukuu zikiwekwa mahali penye unyevu zinaota kuvu, na kuvu hiyo ikipanda hewani inaingia kwenye kifua cha mtu. Daktari Kuria alimjibu maneno ambayo dada yangu alinirudia nayo jioni hiyo akiwa ameketi dukani kwangu hajavua hata koti, akaniambia, "Isaiah, ameniambia, 'Mama, hayo ni magazeti ya zamani tu, si watu.'"

Mvua za Aprili 2022 zilileta kile alichosema zingeleta. Bomba lilipasuka, maji yakajaa mpaka rafu ya kwanza, na dada yangu, mwanamke wa miaka hamsini na minne mwenye shahada tatu, alivua viatu akaingia ndani ya maji hayo pamoja na msaidizi wa maktaba aitwaye Emmaculate na wanafunzi wa mwaka wa tatu, wakatoa vitabu kimoja kimoja, wakatandaza magazeti kwenye benchi za ukumbi wa mihadhara, wakaweka karatasi nyeupe katikati ya kila ukurasa, wakabadilisha hizo karatasi, wakabadilisha tena. Waliokoa sehemu kubwa. Kisha waliambiwa warudishe kila kitu chumbani humo humo, na wakarudisha, na kuvu ikaota ukutani kama nywele, nimeiona kwa macho yangu, nyeusi, na nyingine ya kijani. Waliomba barakoa, waliomba glavu, waliomba mashine ya kukausha hewa. Waliletewa ufagio.

Kukohoa kulianza mwanzoni mwa mwaka wa 2023. Kwanza alisema ni mafua ya baridi ya Eldoret, halafu akasema ni vumbi, halafu akaacha kusema. Walubengo alianza kufua nguo zake za kazi kwenye karai la peke yake nje ya nyumba, kwa sababu harufu ya chumba kile ilikuwa inamfuata mpaka kitandani. Agosti mwaka huo, daktari wa kifua hapa mjini alimpima, akatazama picha za mapafu, na badala ya kumwuliza anafanya kazi gani, alimwuliza anafanyia kazi wapi. Lynette alimweleza. Daktari yule akaweka kalamu chini, akamwambia, "Mama, mapafu yako yanajikunja na kuwa makovu, na yale makovu hayarudi nyuma. Usiingie tena kwenye hicho chumba."

Mngefikiri hapo mambo yangeisha. Alipeleka ripoti ya daktari chuoni, akaomba Hifadhi ipandishwe juu na wafanyakazi wote wa chumba kile wapimwe. Jibu lilikuwa barua ya nidhamu, kwamba amechafua sifa ya taasisi kwa kuzungumzia jambo la ndani mbele ya wanafunzi. Tyson alimwambia mezani, sisi sote tukisikia, "Mathe, wacha hiyo job, watakumaliza, na hata hawatajua wamekumaliza." Mimi nilimwambia vibaya zaidi, nilimpigia kelele, na hata leo bado nina hasira naye, nasema hapa mbele ya jeneza lake, Lynette, bado nina hasira na wewe. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, akapumzika kidogo ili apate pumzi, akasema, "Nikiondoka leo, Emmaculate anabaki peke yake humo ndani. Yeye hana daktari mbele ya jina lake. Mimi wakinisikia nusu, yeye hawatamsikia kabisa."

Basi aliendelea kushuka ngazi zile, akipumzika kila baada ya hatua chache, mpaka Oktoba 2024 aliposhindwa kabisa kuzipanda. Tangu hapo aliishi na mashine ya oksijeni sebuleni hapa Pioneer, mrija puani, akiwa bado anasoma kazi za wanafunzi wake, na stima ikipotea, nyumba nzima ilikuwa inakimbia. Chuo hakikutuma mtu hata mmoja kumwona. Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Mei, akalazwa, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, asubuhi, akiwa na Walubengo upande mmoja na Nasike upande wa pili, dada yetu alifariki dunia. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Nasike ameshika mikono ya watu wengi wakiondoka, ni kazi yake, lakini ameniambia hajawahi kuona mtu akipigania hewa kwa muda mrefu hivyo bila kumlaumu yeyote. Yeye hakulaumu. Mimi ndiye nimekuja kulaumu.

Juzi Alhamisi, Daktari Kuria na wenzake walikuja nyumbani kutupa pole, tukawapa chai, na baada ya maombi akasimama akasema chuo kimeamua kukikarabati chumba kile cha chini, kipakwe rangi, kiwekwe taa mpya, na juu ya mlango liandikwe jina la marehemu, kiitwe Kituo cha Lynette Walubengo, na kwamba angependa familia imruhusu atangaze jambo hilo leo hapa kanisani. Walubengo, ambaye tangu msiba uanze hakuwa amesema zaidi ya maneno ya kushukuru wageni, alimwuliza kwa sauti ya chini, "Emmaculate yuko wapi leo?"

Daktari Kuria akamwuliza, "Nani?"

Hakumjua. Wakati huo, ilikuwa saa tisa alasiri siku ya kazi, na Emmaculate alikuwa chini ya ofisi yake, ndani ya chumba kile, akipanga magazeti, kwa sababu aliomba ruhusa ya kuja matangani akaambiwa aje Jumamosi kama watu wengine.

Kwa hivyo naomba niseme uamuzi wa familia, ambao Mzee Zachariah, Walubengo na watoto wamekubaliana nao, ili Daktari asipate taabu ya kutangaza. Jina la Lynette Njeri halitawekwa juu ya mlango wa chumba kilichomuua. Hatutaki rangi, hatutaki taa, hatutaki utepe. Tunataka Hifadhi ipandishwe juu penye hewa, kwa sababu mle ndani mna majina ya wazazi wa nusu ya watu mliokaa hapa, na tunataka kila aliyefanya kazi chumbani humo apimwe mapafu na daktari wa kifua, akianza Emmaculate. Wakati nikisoma mmesikia mtu akikohoa pale nyuma, karibu na mlango. Ni yeye. Emmaculate, simama, mama, tafadhali, watu wakuone. Daktari Kuria, geuka, Daktari. Huyo ndiye Emmaculate. Ana watoto watatu na bado ana mapafu.

Asante, mama, keti.

Nimeambiwa nisiondoke bila kushukuru, na hili nalifanya kwa moyo wote. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania dada yetu, hasa yule daktari aliyeweka kalamu chini akasema ukweli bila kuuzungusha. Tunawashukuru majirani zetu wa Pioneer, Mama Brigid wa nyumba ya pili aliyevuta waya wa jenereta yake kupitia juu ya ua kila stima ilipopotea, bila kuombwa mara ya pili, na vijana wa boda boda wa stejini ambao walibeba mitungi ya oksijeni kama mtu anavyobeba mtoto. Tunawashukuru wahadhiri wenzake wachache waliokuja kumwona nyumbani kwa kujificha, na tunawaambia sasa hakuna haja ya kujificha tena. Tunawashukuru wanafunzi wake, wale waliovua viatu naye. Mchungaji, asante kwa kunivumilia.

Dada yangu Lynette, ulifanya kazi yako na sehemu ya kazi ya watu waliokuwa wanalipwa kukulinda, na hawakukulinda. Pumzika kwa amani, mtoto wa Wacera. Jumatatu asubuhi Emmaculate hatashuka zile ngazi, kwa sababu sisi wote, na baba akiwa kwenye kiti chake, tutakuwa tumesimama naye mlangoni.